Mlingoti peleka mlimani, bondeni acha vinyungu

Mvua za Novemba zikikaribia, miche ya milingoti (mikaratusi) hupangwa kando ya barabara ikisubiri wateja. Muulize muuzaji ni mlingoti gani, mara nyingi atakujibu: "Ni mlingoti tu, unakua haraka." Asili ya miti hii ni Australia na aina zake zinapita 600, kwa hiyo jibu hilo halikusaidii kitu.

Kwa nguzo na mbao, mkulima wa Mufindi, Njombe au Rungwe aulizie Eucalyptus grandis. Huu hunyooka na huangusha matawi ya chini wenyewe. Unataka mvua ya milimita 1,000 au zaidi kwa mwaka, na udongo wenye kina usiotuamisha maji. Kule kwenye baridi kali, kama Makete, Eucalyptus maidenii huvumilia zaidi. Wa Ismani, ambako mvua ni za kubahatisha, aangalie Eucalyptus camaldulensis, ila asitegemee shina lililonyooka kama la grandis.

Sasa tuje kwenye bonde, maana hapa ndipo tunapogombana na wakulima kila mwaka. Mtu anaona kinyungu, yaani bustani ya bondeni ya kiangazi, kina unyevu hata Septemba, anasema mlingoti utanenepa. Kunenepa utanenepa, lakini kwa maji ya nani? Mboga na mahindi mabichi ya kiangazi yanategemea maji hayohayo. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Na hata sheria isingekuwepo, kuna sakitu, yaani umande ulioganda kwa baridi. Hewa ya baridi huteremka usiku na kulala bondeni, ndiyo maana asubuhi ya Julai nyasi za chini huwa nyeupe na za mlimani zina umande tu. Mche mchanga wa grandis ukipigwa hapo, ncha inaungua na kuwa nyeusi, na shina huchipua mapacha. Nguzo hapo hupati tena.

Panda udongo ukishalowa vizuri, mita 3 kwa 3, ambayo ni miche kama 450 kwa ekari. Kiriba, yaani mfuko wa nailoni uliooteshewa mche, kitoe chote. Angalia mlingoti wa miaka mitatu ulioangushwa na upepo: mara nyingi mizizi imejisokota kama ngata ya kubebea ndoo, na nailoni bado imo ndani. Mwaka wa kwanza palilia, kwani mlingoti mchanga hauwezi kabisa kushindana na nyasi. Mchwa nao wachunguze mapema, hasa mvua zikikatika. Njia za moto lima kabla ya kiangazi kukolea.

Kuni za kukaushia chai na mirunda unaweza kuanza kuvuna kwenye miaka 5 hadi 7, nguzo kwenye miaka 8 hadi 12. Mbao zinataka subira zaidi, na huku watu wengi huulaumu mti bure. Gogo la grandis lina mkazo ndani yake: likikatwa tu, ncha zinaanza kupasuka, na likilala juani wiki mbili unapasua kuni. Mwenye mashine awe ameshakubali kuja kabla hujaangusha mti. Gogo lisilopasuliwa siku hiyo liweke kivulini, ncha zake zipake rangi nzito au lami. Mbao zipange kwa vijiti vinavyolingana, juu weka uzito, upepo upite lakini jua lisizipige.

Kisiki usiking'oe. Kata kwa msumeno, urefu wa kiganja kutoka ardhini, kwa mshazari ili maji yasituame, na gome lisichanike, panga hulichana. Yatachipua machipukizi mengi kama ufagio. Yakifika urefu wa mtu, bakiza mawili yaliyoshika vizuri upande unaotoka upepo, halafu mwaka unaofuata bakiza moja kama unataka nguzo. Hayo unayoyakata ni fito tayari.