Somo: Chupa imepasuka mapema, maambukizi yanapimwaje haraka?

Somo hili ni la wenye mimba zilizoingia dosari kabla ya wiki 37: chupa imepasuka, uchungu umeanza, au ultrasaundi imeonyesha mlango wa uzazi umefupika. Wengine someni, ila msikimbilie hospitali ya Bombo, Tanga, kudai kipimo cha maji ya mtoto. Si cha kila mjamzito.

Vijidudu hupanda kutoka ukeni hadi kwenye maji ya mtoto, na mara nyingi mama hana homa, tumbo haliumi, maji hayanuki. Homa ikija, mambo yameshakwenda mbali.

Hatua ya 1, nyumbani. Tazama saa maji yalipoanza kutoka, iandike kwenye kadi ya kliniki. Vaa pedi safi, usijioshe ndani, usikutane na mume. Pedi uende nayo, rangi na harufu yake vinamwambia mkunga mengi. Kisha ondoka. Aliye Kigombe au Pangani asingoje kukuche.

Hatua ya 2, wodini. Mkunga atatazama kwa spekula, kifaa cha kufungulia uke, kama kweli ni maji ya chupa. Vidole visiingie kama uchungu haujaanza, maana vinasogeza vijidudu karibu na mtoto. Una haki ya kuuliza, "Kwani lazima?" Karatasi ya kupimia hugeuka buluu ikigusa maji ya chupa, lakini damu na shahawa nazo huigeuza, hivyo haiaminiki peke yake.

Hatua ya 3. Daktari, akiongozwa na ultrasaundi, huchota maji kidogo kwa sindano nyembamba tumboni. Yakiwa yamevuja sana, huenda asipate cha kuchota.

Hatua ya 4, maabara. Kuotesha vijidudu huchukua siku kadhaa, nasi siku hizo hatuna. Vipimo vya haraka hutazama ghasia ambayo vijidudu wameisababisha. Sukari ya maji ikishuka chini ya miligramu 14 kwa desilita, au chembe nyeupe, askari wa mwili, zikifika 50 kwa milimita moja ya ujazo, shaka ni kubwa. Kuna pia kijiti cha kupima protini iitwayo interlukini 6, majibu ndani ya dakika 20 hivi. Usitarajie kukikuta kila hospitali, anza kuulizia sukari na hadubini. Rangi ya Gram, ya kuwapaka vijidudu waonekane kwenye hadubini, nayo ni ya haraka, lakini haiwaoni vijidudu waitwao mikoplazima na ureaplazima, kwa kuwa hawana ukuta wa seli, na hao ndio wageni wakubwa wa maji haya.

MASWALI

Mama wa Muheza: Shikamoo Bi Mkunga. Zahanati yetu haina hayo yote.

Marahaba mwanangu. Kipimajoto kipo? Joto la nyuzi 38 na kuendelea, mapigo ya mtoto yanayopita 160 kwa dakika, maji yenye usaha au harufu: hapo dawa za kuua vijidudu, ampisilini na jentamaisini, huanza na rufaa huandikwa. Hakuna kungoja maabara.

Baba mtarajiwa, Chumbageni: Wakikuta maambukizi, si apewe dawa mimba iendelee?

Kama mama ameshapata homa na dalili, hapana baba. Dawa anapewa na mtoto anatolewa, hata akiwa njiti. Upasuaji si lazima kwa sababu hiyo tu. Mama asiye na dalili, ila kipimo ndicho kilichosema, ni kesi nyingine: daktari hupima wiki za mimba na hali ya mtoto kabla ya kuamua.

Mwanafunzi wa ukunga: Majibu yakiwa safi je?

Ni safi kwa leo tu, mwanangu, maana njia ya vijidudu bado iko wazi. Chupa ikiwa imepasuka anapewa erithromaisini, nayo dawa ya kuua vijidudu, siku 10, au hadi ajifungue, na deksamethasoni kwa ajili ya mapafu ya mtoto ikiwa mimba ni ya wiki 24 hadi 34. Joto pimeni kila saa 4, usiku pia, na mapigo ya mtoto msiyasahau.