Ukitaka kujitolea kuosha maiti

Waswahili husema mwosha huoshwa. Neno hilo lilianza kuniingia miaka 18 iliyopita, hapa Majengo, Pumwani, siku shangazi yangu aliponipa kata ya maji akaniambia nisimame upande wa miguu. Siku hizi wasichana huniuliza waanzeje. Nawajibu hivi.

Tia nia, kisha uwaendee akina mama wa msikiti wenu wanaoosha. Usitegemee video za simuni peke yake. Mara tatu za kwanza kazi yako ni maji tu. Mtaani kwetu mifereji hukauka bila taarifa, kwa hiyo jaza mitungi minne ya lita 20 mapema, upashe maji yawe vuguvugu. Yajaribu kwa ndani ya mkono, kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Weka tayari glavu, barakoa, aproni, pamba, majani ya mkunazi yaliyotwangwa, karafumaiti, na bafta ya sanda.

Mwanamke huoshwa na wanawake wenzake, au na mumewe. Muwe watatu au wanne. Chumba kile si cha watazamaji. Shuka hubaki juu yake, mikono ikapita chini. Minya tumbo taratibu (akiwa mjamzito, liache), msafishe kwa kitambaa ulichozungushia mkono, mtawadhishe, kisha uoshe kichwa, ubavu wa kulia, halafu wa kushoto. Mara tatu, au tano ikihitajika, na karafumaiti itiwe kwenye maji ya mwisho. Ndivyo Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyowaelekeza wanawake waliomwosha binti yake.

Kinachochukua muda hapa Nairobi ni nywele. Wengi wetu husukwa rasta, na maji lazima yafike kwenye ngozi. Nje wanaume wanataka kuwahi makaburini Kariokor kabla ya Alasiri, mtu anagonga mlango. Wewe fumua tu. Kuna dada niliyemfumua msuko baada ya msuko, kuanzia sikio la kulia, vidole vyangu vikinukia mafuta ya nazi aliyojipaka kwa mkono wake mwenyewe. Saa nzima nilikuwa nikimsalia Mtume kimoyomoyo, na utulivu nilioupata sijaupata hata kwenye mswala. Unamhudumia mtu asiyeweza kukushukuru, na Mola wako ndiye anayeona.

Mkaushe, umsuke mikia mitatu uilaze nyuma. Sanda yake ni nguo tano: shuka ya kiunoni, kanzu, mtandio, na mbili za kumviringishia.

Sasa lililo zito kuliko yote: ulimi. Mwaka wangu wa pili nilimsimulia jirani, kwenye foleni ya maji, juu ya kovu nililoliona mwilini mwa marehemu. Siku mbili hazikupita, maneno yakamfikia mamake. Shangazi hakunikemea. Hakuniita tena kwa miezi minane. Nilikwenda kumwomba radhi yule mama, akanisamehe huku analia. Uso wa marehemu ukiwa umeng'aa, waambie wafiwa wafarijike. Aibu uliyoiona haitoki mlangoni, hata kwa mumeo.

Bahasha usipokee. Wapo wanaopokea na siwalaumu, lakini mimi nikishaipokea naanza kuhesabu.

Utaitwa pia kwa asiye na watu. Tulimwosha msichana wa kazi aliyetoka mbali, ndugu zake wasiweze kufika. Tulimfukizia udi kama binti wa nyumba, na kila tulipomgeuza tukamwita kwa jina lake: fulani, tunakugeuza sasa, mama.

Ukimaliza, oga, ni sunna. Mimi nusu saa sisemi na mtu, ndipo nirudi kwenye karai langu la mahamri. Simu usiizime usiku, na aproni safi na kanga mbili zikae kwenye mfuko nyuma ya mlango.