Kuandaa nyumba kwa msimu wa vimbunga, na kwa nini kila kipande cha plaiwudi kiandikwe namba

Mwaka jana onyo la kimbunga lilipotolewa, shemeji alinipigia simu nikamsaidie kuziba madirisha. Nilibeba drili na keekee zangu nikiamini ni kazi ya saa mbili. Ilituchukua saa saba. Tulimalizia gizani, tochi mdomoni, mvua ikitupiga ubavuni, na kipande kimoja cha plaiwudi tulikiegesha sebuleni kwa sababu hakikukubali dirisha lolote. Kwa hiyo usitegemee mwongozo uliogawanywa sawasawa. Paa nitaligusa, maji nitayagusa, madirisha nitayasema mpaka unichoke.

Hatua ya 1: Hesabu siku ulizonazo

Katika Bahari ya Atlantiki msimu rasmi unaanza 1 Juni na kuisha 30 Novemba, kilele chake kikiwa karibu na 10 Septemba. Kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi vimbunga vingi huja kati ya Novemba na Aprili, ila usiiamini kalenda kupita kiasi: kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania Mei 2024.

Kituo cha Taifa cha Vimbunga cha Marekani hutoa angalizo takriban saa 48 kabla ya upepo wa dhoruba kutarajiwa kufika, na onyo takriban saa 36 kabla. Saa 36 zinasikika nyingi. Toa usiku, toa foleni ya mafuta na ya mbao, toa zile saa za mwisho ambazo ngazi haisimami tena. Unabaki na mchana mmoja. Kazi ya kupanda paani na kutoboa ukuta ifanyike miezi ambayo hakuna anayezungumzia kimbunga.

Halafu ile namba ya kiwango, 1 hadi 5, isikudanganye. Kipimo cha Saffir-Simpson kinapima upepo tu: kiwango cha 1 kinaanzia kilomita 119 kwa saa, cha 5 kinaanzia 252. Hakisemi lolote kuhusu mawimbi yanayosukumwa nchi kavu wala mafuriko ya mvua, na maji ndiyo yanayoua watu wengi zaidi. Ukiambiwa uhame, hama. Yote yaliyoandikwa hapa chini ni ya kuokoa nyumba, si ya kukufanya ubishane na wanaokuhamisha.

Hatua ya 2: Paa

Wengi hudhani upepo huisukuma nyumba mpaka ianguke. Ukutani ndiyo, unasukuma, lakini paani unanyonya. Ukipita juu ya paa unalivuta kwenda juu, na mvuto ni mkali zaidi kwenye kona, upenuni na kileleni. Kasi ikiongezeka maradufu, nguvu inaongezeka mara nne. Kwa hiyo usiulize kama paa ni zito, uliza kama limefungwa: bati kwenye papi (mbao za kulala zinazoshika bati), papi kwenye kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa), kenchi kwenye ukuta, ukuta kwenye msingi.

Ingia darini na tochi utazame pale kenchi inapokaa juu ya ukuta. Ukikuta msumari mmoja umepigwa kiupande na basi, ongeza ukanda wa chuma uliopakwa zinki, upite juu ya mbao ya kenchi na kushuka pande zote mbili, na kila tundu la ukanda lipate msumari wake. Juu ya bati, misumari iliyoinuka itolewe na kuwekwa skrubu zenye mpira, nene kuliko msumari uliotoka. Upenuni na kileleni kila mgongo wa bati, katikati ruka mmoja mmoja. Kuugonga tena msumari uleule kwenye tundu lilelile ni kujifurahisha tu, maana tundu limeshapanuka. Na kama una baraza, kagua nguzo zake zimeshikwaje chini. Baraza lisilofungwa likiinuka huondoka na kipande cha paa kubwa.

Zaidi ya hapo mtafute fundi paa. Mimi ni mtu wa milango na madirisha.

Hatua ya 3: Madirisha

Dirisha likivunjika upande unakotoka upepo, upepo unaingia na kukosa pa kutokea. Unaijaza nyumba na kulisukuma paa kutoka chini, wakati huohuo upepo wa nje unalivuta kutoka juu. Kioo kimoja kinatosha. Kimbunga Andrew kilipopiga kusini mwa Florida Agosti 1992, nyumba nyingi zilipoteza mapaa kwa mchanganyiko huo wa madirisha na milango iliyovunjika na mapaa yaliyopigiliwa ovyo. Mwaka 2002 jimbo zima likawa na kanuni moja ya ujenzi iliyo kali zaidi.

Kwanza tuondoe mambo mawili. Utepe wa gundi kwenye kioo, ile alama ya X kubwa, hausaidii kitu. Kioo kinavunjika vilevile, na vipande vinatoka vikubwa zaidi. La pili ni ushauri wa kuacha dirisha moja wazi "ili hewa ilingane". Hapana. Ni kufungulia upepo mlango kwa mkono wako.

Kama unaweza kumudu vifuniko vya kudumu vya chuma au alumini, vile vya kukunja au kuteremsha, weka na uiruke hatua hii. Wengine, plaiwudi. Unene wa milimita 16 ndio ninaoutaka. Mbao za chenga zilizogandishwa usiziguse, zikinywa maji zinavimba na kumeguka kama mkate.

Pima uwazi wa dirisha, kisha ongeza sentimita 10 kila upande. Dirisha la sentimita 100 kwa 120 linataka kipande cha 120 kwa 140. Shiti ya kawaida ina upana wa sentimita 122, kwa hiyo dirisha hilo linaingia bila kuunga. Dirisha likiwa pana zaidi utaunga vipande viwili, na pale vinapokutana weka mhimili wa mbao ya inchi 2 kwa 4 kwa nje, uliokazwa kwa skrubu kila sentimita 30. Usiuruke mhimili huo. Kiungo kisicho na mhimili hucheza upepo ukipiga, na kinachocheza hung'oka.

Pima kila dirisha peke yake, hata kama yote yalichongwa siku moja na fundi mmoja. Mimi ni huyo fundi mmoja, na ninakwambia hayalingani.

Sasa kushikiza. Misumari sitaki kuisikia. Upepo haupigi mara moja ukaondoka, unatikisa kwa saa kadhaa, na msumari hutoka kidogokidogo kama jino bovu. Kwenye fremu ya mbao tumia skrubu ndefu zinazoingia kwenye mbao yenyewe ya ukuta angalau sentimita 5, si kwenye urembo wa pembeni mwa dirisha. Kwenye tofali au zege weka bolti za kudumu za kupanuka, ncha yake ikibaki nje. Siku ya kazi unapachika kipande, unaweka washa pana (kile kiduara cha chuma chenye tundu) na nati yenye masikio, unakaza kwa vidole kisha kwa koleo. Hakuna drili, hakuna umeme. Nafasi kati ya bolti na bolti isizidi sentimita 30.

Tundu la bolti liwe sentimita 6 au zaidi kutoka ukingo wa uwazi wa dirisha. Ukikaribia zaidi ukingo unameguka, mara nyingine papo hapo, mara nyingine baadaye wakati kipande kinavutwa na upepo. Kama tofali ni la matundu, chagua bolti za kazi hiyo. Bolti ya kawaida ya kupanuka ikifika kwenye uwazi wa tofali inazunguka tu bila kushika, na fundi mpya hudhani ndiyo inakaza.

Na sasa zile saa saba. Shemeji alikuwa na kila kitu: plaiwudi nzuri, bolti ukutani, matundu tayari. Vipande alikuwa amevilaza stoo miaka miwili, kimoja juu ya kingine. Tulipovitoa nikamuuliza, "Shemeji, hiki si cha jikoni?" Akakigeuza geuza. "Cha jikoni au cha chumba cha watoto. Ninachokumbuka kilikuwa na doa la rangi." Vyote kumi na viwili vilikuwa na madoa ya rangi.

Tukaanza kubahatisha. Kipande kinapanda, tunakiinua mabegani, matundu yanakaribia bolti lakini hayakutani, yamepishana kwa upana wa kidole. Tunakishusha, tunakipindua juu chini, tunakipandisha tena. Kila kipande kilikuwa na namna nne za kukaa, kwa madirisha kumi na moja. Uvumilivu ulipoisha tukaamua kutoboa upya. Betri ya kwanza ikafa, umeme ukakatika, betri ya pili ikafa kwenye dirisha la saba. Manne yaliyobaki nilipanua matundu kwa patasi na nyundo, huku vipande vikitaka kupaa kama tiara kila upepo ukivuma. Kipande cha ukubwa wa mlango mikononi mwa watu wawili juu ya ngazi, katika upepo, si mchezo, nusura kimwangushe shemeji.

Kwa hiyo:

Simama nje, anzia mlango mkuu, zunguka nyumba kwa kulia. Dirisha la kwanza ni D1, linalofuata D2, mpaka urudi mlangoni. Andika namba kwenye plaiwudi kwa rangi ya mafuta, si kwa kalamu ya kawaida, maana inafifia. Andika namba hiyohiyo kwenye fremu, mahali ambapo haionekani dirisha likifungwa. Chora mshale unaoelekea juu. Andika NJE upande wa nje. Kisha pachika vyote siku yenye jua, kimoja kimoja, mpaka nati ya mwisho. Usiseme "vipimo ni vilevile, vitaingia". Pachika.

Nati na washa za kila dirisha zitie kwenye mfuko wake wenye namba, ongeza tatu za akiba, ufungie mfuko kwenye tundu la kipande chenyewe. Nati moja ikidondoka kwenye majani gizani hutaiona. Kingo za plaiwudi zipake rangi mara mbili, maana maji huingilia kwenye kingo. Hifadhi vipande vikiwa vimesimama, juu ya mbao, si juu ya sakafu.

Tahadhari moja: nyumba yenye watu ndani isizibwe yote. Acha mlango mmoja unaofunguka kwa ndani bila funguo wala koleo, na kila anayelala humo aujue. Moto hausubiri kimbunga kipite.

Hatua ya 4: Milango

Mlango wa gereji ndio dirisha kubwa kuliko yote, na watu huusahau. Kama ni wa mabamba mepesi, funga mihimili ya kulala kwa ndani au uweke mwingine uliojengwa kuhimili upepo. Milango ya mabamba mawili iwekewe komeo la juu na la chini linaloingia ndani ya zege, si ndani ya lipu. Basi.

Hatua ya 5: Uani

Kila unachoweza kukibeba kiingize ndani: viti, ndoo, vyungu vya maua. Matawi yanayoning'inia juu ya paa yakatwe mapema na kuondolewa kabisa, maana rundo la matawi uani ni rundo la mikuki. Zibua mifereji ya paa.

Hatua ya 6: Maji na umeme

Lita 4 za maji kwa mtu kwa siku, za siku tatu kwa uchache; mimi huweka za wiki. Jaza pia mapipa na beseni kwa ajili ya choo. Friza iliyojaa hukaa na baridi takriban saa 48 usipoifungua, iliyo nusu saa 24, friji ya kawaida saa 4. Kwa hiyo jaza nafasi za friza kwa chupa za maji siku mbili kabla.

Jenereta ikae nje, mita 6 au zaidi kutoka nyumbani, moshi ukielekea upande mwingine. Si barazani, si gereji hata mlango ukiwa wazi. Gesi ya moshi wake haina rangi wala harufu, na huua watu waliokwisha salimika na kimbunga chenyewe. Usiichomeke kwenye soketi ya ukutani ili "iwashe nyumba nzima". Umeme unarudi kwenye nyaya za barabarani na kumkuta fundi aliyepanda nguzo kukurudishia huduma.

Vyeti, hati na picha za kila chumba vitie kwenye mfuko usioingiza maji. Soma bima yako sasa, kwa sababu bima nyingi za nyumba haziingizi mafuriko.

Hatua ya 7: Upepo ukishaanza

Zima umeme kwenye swichi kuu maji yakianza kukaribia, ila usiiguse ukiwa umesimama kwenye maji. Funga milango yote ya vyumba, hiyo hupunguza nguvu inayolifikia paa endapo dirisha litavunjika. Kaa chumba cha ndani kisicho na dirisha. Ghafla kukiwa shwari, usitoke kukagua: huenda ni jicho la kimbunga, na upepo utarudi kutoka upande wa pili.

Kikipita, toa vipande kuanzia nati za chini, ya juu kabisa iwe ya mwisho, na mtu wa pili awe amekishika. Namba iliyofifia ipakwe rangi upya siku hiyohiyo, kabla kipande hakijarudi stoo. Kile kilichobaki sebuleni kwa shemeji bado hakina namba.