Namna ya Kutunza na Kuandaa Mvinyo Mwekundu wa Kilimo Hai katika Joto la Dar es Salaam

Mvinyo mwekundu wa kilimo hai, hasa ule mwepesi na wa ladha tulivu unaotoka katika shamba dogo la familia, huharibiwa na joto upesi kuliko mvinyo mzito wa kiwandani. Sababu mojawapo ni kwamba huwekwa salfaiti kidogo, na salfaiti ndiyo inayoukinga mvinyo dhidi ya hewa na vijidudu. Katika Umoja wa Ulaya, mvinyo mwekundu mkavu wa kilimo hai hauruhusiwi kuzidi miligramu 100 kwa lita, ilhali ule wa kawaida huruhusiwa kufika 150.

Uangalifu uanzie dukani. Tafuta kwenye lebo alama ya jani lililochorwa kwa nyota nyeupe juu ya rangi ya kijani, pamoja na namba ya mkaguzi yenye umbo kama FR-BIO-01. Na ukikuta maneno ya Kifaransa «mis en bouteille au domaine», ujue mvinyo ulitiwa chupani palepale shambani. Kisha pitisha kidole gumba juu ya mdomo wa chupa. Niliwahi kununua chupa ya bei kubwa iliyokuwa imepangwa dirishani, juani, na nilipofika nyumbani ndipo nilipoona kwamba kizibo kimejisukuma juu kidogo na shingo ina mchirizi mkavu unaonata. Ndani, harufu ya matunda ilikuwa imegeuka kuwa ya zabibu zilizochemshwa. Tangu hapo sichukui chupa iliyosimama juani, hata ikipunguzwa bei, na sithubutu kuiacha kwenye buti la gari wakati wa foleni ya Barabara ya Bagamoyo.

Nyumbani, ilaze chupa yenye kizibo cha gome ili kizibo kisikauke, mahali penye giza na pasipo mtikisiko. Juu ya friji hapafai, kwa kuwa hapo ni pa moto na panatetemeka. Iwapo huna chumba chenye kiyoyozi cha kudumu, ilaze sehemu ya chini ya friji na uinywe ndani ya miezi michache.

Jambo linalowakosesha wengi ni ule ushauri kwamba mvinyo mwekundu unywewe ukiwa na joto la chumba. Ushauri huo ulitoka Ulaya, katika nyumba zenye baridi. Chumba cha Sinza mwezi wa Februari hufika nyuzi 30 na zaidi, na katika joto hilo kileo hupanda puani na kufunika kila kitu. Mvinyo mwepesi hupendeza kwenye nyuzi 14 hadi 16. Chupa iliyokuwa mezani iweke kwenye friji kwa saa moja na nusu hivi, au, ikiwa wageni wameshabisha hodi, izamishe hadi shingoni katika ndoo ya maji na barafu kwa dakika 15 hadi 20. Barafu peke yake, bila maji, hupoza polepole kwa sababu haiigusi chupa pande zote.

Mimina kidogo kidogo, theluthi moja ya glasi, maana hapa mvinyo hupata joto haraka. Chupa irudi kwenye ndoo. Ukiona mashapo chini, usishtuke: wakulima wengi wa aina hii hawachuji sana. Acha tu chupa isimame kwa saa kadhaa kabla ya kuifungua.

Kwa chakula, pilau ya nyama ya ng'ombe au mishkaki isiyo na pilipili nyingi hukubaliana nao vizuri. Pilipili kali huuzidisha ukali wa kileo. Mvinyo wa Dodoma, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, nao uuandae kwa kanuni hizihizi.

Uliobaki uzibe mara moja, uweke kwenye friji ukiwa umesimama, na uumalize ndani ya siku mbili au tatu.