Kutambua vioo vya zamani vya Denmark: anza na kitako

Ukiokota vasi ya zamani kitu cha kwanza ni kuipindua. Wengi wanaanza na rangi, ooh bluu hii lazima Holmegaard, alafu hela ishatoka ndo wanaangalia chini.

Holmegaard ndo jina utakalokutana nalo sana. Kiwanda kilianza 1825 pembeni ya kinamasi karibu na Næstved, na kiliwekwa huko kwa sababu udongo wa kinamasi ukikaushwa unawaka, basi ndo zilikuwa kuni za tanuri. Kastrup nao walianza 1847, viwanda hivi viwili vikaungana 1965, kwa hiyo usishangae kitu cha kipindi hicho huyu anakiita Kastrup yule anakiita Holmegaard.

Haya, kitako. Msanii wa kumjua kwanza ni Per Lütken, alikuwa Holmegaard kuanzia 1942 mpaka alipofariki 1998, na vitu vyake vina umbo laini laini, utadhani kioo bado kinatiririka, rangi ya moshi, bluu iliyopauka, kijani cha majani machanga. Kazi zake za miaka ya 50 mara nyingi zimechorwa chini kwa mkono: jina la kiwanda, mwaka, na herufi PL zilizoshikana. Sasa michoro hiyo ni myembamba kama unywele, ukiangalia hivi hivi utaapa hakuna kitu. Washa tochi ya simu, mulika kwa ubavu sio kwa juu, alafu zungusha kioo taratibu, herufi zitajitokeza zenyewe. Kuanzia miaka ya 60 mwaka ukaachwa ikaja namba ya modeli, kwa hiyo ukikuta tarakimu tano usihangaike kutafuta mwaka humo, haumo.

Shida inaanza kwa vile visivyo na sahihi. Gulvvase ya Otto Brauer ya 1962, ile chupa ndefu yenye shingo nyembamba, na zile seti za Holmegaard, Carnaby za Per Lütken na Palet za Michael Bang, zenye rangi nje na nyeupe ya maziwa ndani, nyingi zilitoka na stika tu na stika zilishabanduka zamani. Mimi mwenyewe nilinunua vasi nyekundu kwenye loppemarked, yale masoko ya vitu vya zamani ya huko Denmark, muuzaji ananiambia Carnaby hii, nikalipa haraka asije akabadili mawazo, kufika nyumbani napima urefu, hakuna Carnaby ya urefu ule. Ilikuwa ya Sweden. Wasweden walitengeneza sana vioo vya tabaka mbili na Waitaliano pia, kwa hiyo nyekundu nje nyeupe ndani peke yake haikwambii kitu. Siku hizi natembea na rula. Katalogi za zamani za kiwanda zimeskaniwa na wapenzi wa vioo, ziko mtandaoni, linganisha urefu kwa sentimita, mdomo, na mabega ya chombo, na kama vipimo havikubali basi hata muuzaji aape vipi, iache.

Kitako pia kinaonyesha umri. Kitu kilichokaa mezani miaka 50 kina mikwaruzo midogo ya ovyo ovyo, imejikusanya kwenye duara linalogusa meza, huku ndefu kule fupi. Ukiona mikwaruzo yote imeelekea upande mmoja, au imejaa mpaka katikati sehemu isiyogusa meza, kuna mtu kapitisha msasa hapo. Mapovu ya hewa ndani usiyafanye ushahidi, feki nayo inayo.

Kabla hujalipa pitisha kidole ndani kama mdomo unaruhusu. Maji yakikaa miaka ndani ya vasi yanakula kioo, panabaki ukungu, na kuna wauzaji wanapaka mafuta ndani ukungu usionekane, kwa hiyo kidole kikitoka kinateleza jua mchezo huo. Ukungu wa chokaa tu unatoka kwa siki, mwaga ndani uache usiku kucha, suuza asubuhi. Vasi ikikauka na ukungu ukarudi vilevile basi kioo chenyewe kimeliwa, na hapo dawa ni fundi wa kukipolishi, kazi ambayo mara nyingi bei yake inaipita vasi yenyewe.