Foleni ya EB-2 na EB-3 kwa aliyezaliwa China: namna ya kulinda tarehe yako ukiwa na H-1B

Mwongozo huu ni wa mtaalamu aliyezaliwa China bara, anayefanya kazi Marekani kwa viza ya H-1B, na mwajiri wake ameshakubali kumdhamini apate kadi ya kijani (ukaazi wa kudumu) kupitia EB-2 au EB-3, makundi mawili ya viza za kadi ya kijani kwa wafanyakazi. Unamfaa pia ofisa rasilimali watu anayeshika faili lake. Sheria haiipi nchi yoyote zaidi ya takriban asilimia 7 ya viza hizi kwa mwaka, ndiyo maana safu ya China imerundikana.

1. Jua unahesabiwa nchi gani

Kinachotazamwa ni ulikozaliwa, si pasipoti. Mchina aliyechukua uraia wa Canada bado yumo kwenye safu ya China. Aliyezaliwa Taiwan hayumo. Ukiwa na mwenzi aliyezaliwa kwingine, unaweza kuhesabiwa kwa nchi yake. Mchina aliyeoa mwanamke mzaliwa wa Mombasa huingia safu ya nchi nyingine zote, ambayo kwa kawaida huwa mbele sana. Mtoto hawezi kumpa mzazi nafasi hiyo. Usingoje wakili akuulize, mwambie siku ya kwanza.

2. PERM

PERM ni idhini ya Wizara ya Kazi kwamba hakupatikana mfanyakazi wa Marekani anayefaa kwa nafasi hiyo. Mwajiri anatangaza kazi, kisha anapeleka ombi wizarani. Siku ombi linapopokelewa ndiyo tarehe yako ya kipaumbele, yaani nafasi yako kwenye foleni. Wakili na matangazo ya PERM hulipwa na mwajiri. Kukukata mshahara kwa ajili hiyo ni marufuku. H-1B ina ukomo wa miaka sita, kwa hiyo anzeni mwaka wa kwanza au wa pili. PERM ikiidhinishwa, I-140, yaani ombi la mwajiri la kukudhamini, iwasilishwe ndani ya siku 180, la sivyo PERM inakufa.

3. I-140

Lipieni huduma ya haraka: kwa I-140 ya PERM, USCIS, idara ya uhamiaji ya Marekani, hushughulikia ombi ndani ya siku 15 za kazi. Wapo wanaoona ni kutupa fedha kwa kuwa foleni ni ya miaka. Sikubaliani nao, na sababu iko hatua ya nne.

4. Kubadili kazi ukiwa foleni

Hapa ndipo watu huumia. Kila kitu kinategemea umeondoka lini.

Ukiondoka kabla I-140 haijaidhinishwa, kwa kawaida huna kitu. Mwajiri mpya ataanza PERM upya na tarehe itakuwa mpya.

Ukiondoka baada ya kuidhinishwa lakini kabla ya siku 180 kutimia tangu idhini hiyo, tarehe ni yako hata mwajiri akiiondoa I-140. Isipokuwa USCIS iifute kwa udanganyifu au kosa kubwa, au PERM yenyewe ibatilishwe. Lakini I-140 iliyoondolewa mapema hivyo haikupi tena nyongeza ya H-1B ya miaka mitatu mitatu baada ya mwaka wa sita. Zikishapita siku 180, mwajiri akiiondoa haidhuru: tarehe unayo na nyongeza unaipata. Ndiyo maana nasema lipieni haraka, saa ya siku 180 ianze kutembea.

Kwa vyovyote vile, mwajiri mpya lazima afanye PERM na I-140 zake, kisha aombe tarehe ya zamani akiambatanisha nakala ya idhini ya kwanza, I-797. Kasheshe ni kwamba karatasi hiyo ni ya mwajiri, na wengine hawaitoi. Iombe ukiwa bado kazini. Wakikataa, pata angalau namba ya risiti, au omba faili lako USCIS kwa sheria ya uhuru wa habari.

Kama I-485 yako, yaani ombi lako mwenyewe la kadi ya kijani, imekaa siku 180 bila uamuzi, na I-140 imeidhinishwa, unaweza kuhamia kazi ileile au inayofanana nayo bila PERM mpya, kwa kujaza Supplement J, kiambatisho cha I-485 cha kuthibitisha kazi hiyo mpya. Ukipunguzwa kazini kabla ya kufika hapo, H-1B inakupa siku zisizozidi 60 za kupata mwajiri wa kuwasilisha ombi jipya.

5. Kusoma Visa Bulletin

Hii ni taarifa ya kila mwezi ya tarehe ambazo foleni imefikia. Soma ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani yenyewe, si picha za WeChat. Ina majedwali mawili: la tarehe za uamuzi wa mwisho na la tarehe za kuwasilisha maombi. USCIS hutangaza kila mwezi lipi litumike kuwasilisha I-485. Tarehe yako iwe kabla ya iliyoandikwa: zikilingana, bado. Herufi C maana yake hakuna foleni. Tarehe zinaweza kurudi nyuma, hasa Agosti na Septemba, mwaka wa fedha unapokaribia kuisha. EB-3 ikiipita EB-2, kama Oktoba 2020, PERM ileile inaweza kubeba I-140 ya pili ya EB-3. Ile ya EB-2 msiiondoe.

6. Cheti cha kuzaliwa

Kwa I-485, cha hospitali pekee hakitoshi. Inatakiwa gongzhengshu, hati iliyothibitishwa, kutoka ofisi ya notari ya China, pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Linganisha majina ya wazazi na yaliyomo kwenye hukou (daftari la kaya la China) kabla ya kuiagiza. Agiza mapema: ukiwa Marekani, mara nyingi ni ndugu aliyeko nyumbani atakayekwenda kwa barua yako ya idhini.