Ukitaka kuandika historia ya idara ya jiolojia, anzia kwenye droo

Wengi wakipewa kazi ya kuandika historia ya idara ya jiolojia katika makumbusho huanza na orodha ya wakuu wake. Mimi nakushauri ufungue droo, uchague kielelezo kimoja chenye namba, kisha uifuate namba hiyo hadi kwenye rejista.

Mfano ninaoupenda ni 37001 ya Makumbusho ya Historia Asilia, London: bamba la mawe ya chokaa lenye mifupa na alama za manyoya ya Archaeopteryx, kiumbe wa kale anayefanana na ndege. Mwaka 1862 mkuu wa Idara ya Jiolojia, George Waterhouse, alikwenda Pappenheim, Ujerumani, akiwa na ruhusa ya kutoa hadi pauni 500. Mwenye mali, daktari Häberlein, alishikilia 700, na akazipata.

Leo namba hiyo huandikwa NHMUK PV OR 37001. Isome polepole. NHMUK ni makumbusho yenyewe. PV ni wanyama wenye uti wa mgongo, upande wa paleontolojia, yaani elimu ya visukuku, mabaki ya viumbe wa kale yaliyohifadhiwa mwambani. OR ni rejista ya zamani. Hapo ndipo historia ya idara ilipo. Tangu 1837 jiolojia na madini yalikuwa tawi moja; 1857 yakatenganishwa; 1881 jengo jipya la South Kensington likafunguliwa; 1956 Jiolojia ikaitwa Paleontolojia. Basi ukisoma kumbukumbu za kabla ya hapo, "jiolojia" maana yake ni visukuku. Vimondo katafute kwenye madini.

Sasa lebo yenyewe. Ipige picha mbele na nyuma, unakili kila neno lilivyo, hata tahajia iliyokosewa, kisha linganisha mwandiko na ule wa rejista. Mwandiko ukibadilika, mara nyingi karani mpya kaingia. Usibandue lebo kuukuu hata kama imechakaa kiasi gani. Niliwahi kufungua kisanduku nikakuta lebo mpya safi, na chini ya jiwe duara la gundi ya kahawia tu. Ile ya zamani ilikuwa imetupwa, pamoja na jina la aliyeliokota jiwe, mahali na mwaka. Iliniuma, na bado inaniuma.

Mwisho, omba vitabu vya malipo. Ripoti zitakutajia maprofesa. Mchimbaji, seremala wa makabati na fundi aliyechonga mwamba kuutoa mfupa utawakuta kwenye safu ya ujira. Majina yao yaandike kamili.